Neno "Senile" na Bonde la Bibi Nyange

Vijana wawili walioanza kazi ya ukalimani mahakamani wakati mimi naondoka wameniomba niandike ninayoyakumbuka. Nadhani walitaka mbinu. Nitawapa chache, kwa sababu nyingi hazipo. Vyeo sitavizungumzia: mkalimani hana ngazi ya kupanda, anakaa palepale pembeni ya kizimba mpaka aambiwe basi. Mshahara wanaujua. Nitaeleza nilivyofundishwa, kitabu nilichotumia, na shauri moja ambalo mpaka leo sijapata pa kuliweka. Linahusu neno la Kiingereza wanaloitwa baadhi ya wazee. Nililitafsiri mwenyewe, kwa usahihi wote niliokuwa nao, na mwanamke mmoja wa Mkuyuni akapoteza bonde la ukoo wake.

Nililelewa Kingolwira, jirani na stesheni, baba yangu akiwa kibarua wa njia ya reli. Hatukuwa Waluguru. Kiluguru nilikipata kwa akina mama walioteremka milimani na mikungu ya ndizi na kukaa nasi wakisubiri treni. Shule yangu iliishia darasa la nane. Kiingereza kilichobaki nilikifuata mwenyewe, neno kwa neno, na sikuwahi kufika mwisho wake.

Aliyenipokea mahakamani alikuwa Mzee Kondo, mkalimani wa siku nyingi, mtu mrefu aliyechonga penseli kwa wembe na kuzipanga mezani kama vyombo vya upasuaji. Siku yangu ya kwanza alinisukuma mbele bila kunifundisha lolote. Mshtakiwa alikuwa mtu wa Kinole aliyeiba mbuzi. Akasema kwa Kiluguru kwamba alimchukua mbuzi kwa sababu alikuwa anamwangalia. Nikageuka kwa hakimu nikasema, "Anasema alimchukua kwa sababu alikuwa anamwangalia."

Hakimu akaweka kalamu chini. "Nani alimchukua nani? Nani alikuwa anamwangalia mwenzake? Mbuzi ameshtakiwa?"

Wakati wa mapumziko Mzee Kondo alinipeleka nyuma ya jengo.

"Humu ndani hakuna 'anasema'," akaniambia. "Mtu akisema 'nimeiba', na wewe unasema 'nimeiba'. Akisema 'nina mimba', unasema 'nina mimba', na ndevu zako hizo."

"Watu hawatacheka, Mzee?"

"Watacheka siku ya kwanza. Baadaye wanazoea kwamba ukifungua mdomo pale, anayesema ni mwingine."

Kanuni hiyo ndiyo mbinu ya kwanza na pengine ya mwisho. Kwa miaka yote niliyofanya kazi nilisema "mimi" kwa niaba ya wezi, wajane, wafanyakazi wa mashamba ya miwa waliokatana mapanga, na katekista mmoja aliyegonga ng'ombe kwa pikipiki ya parokia. Nimekiri makosa mengi kuliko mtu yeyote ninayemjua, na sijawahi kulala rumande hata mara moja.

Kitabu changu kilikuwa kamusi nene ya Kiingereza inayotoa asili za maneno. Niliinunua kwa mwalimu mmoja mgeni aliyekuwa anauza vitu vyake ili arudi kwao. Jalada lilikuwa limeliwa na mende, lakini kurasa zote zilikuwepo. Desturi yangu ilikuwa kutoka mahakamani na neno moja lililonisumbua, na kulitafuta nyumbani baada ya kuoga. Mke wangu, Mama Neema, hakuipenda sana desturi hiyo. "Wenzio wanarudi na nyama," alikuwa akisema, "wewe unarudi na neno." Hata hivyo kila jioni aliuliza ni neno gani.

Kisha ikaja miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Maduka ya mjini yaliyokuwa na viberiti na majani ya chai tu yakajaa sabuni za kila rangi. Sokoni yakafunguliwa marobota ya mitumba, na watu wakaanza kuvaa vizuri kuliko walivyokula. Kwetu mahakamani mabadiliko tuliyaona kwenye mashauri. Mbuzi, baiskeli na ugoni vilipungua, au labda havikupungua ila vilifunikwa. Ilikuja ardhi. Wenye fedha mpya walikuwa wameigundua barabara ya Matombo, mvua zake na mabonde yake, na kwa mara ya kwanza nikasikia watu wakitaja bei ya mahali palipozikwa bibi zao. Na mawakili wakaanza kuja kutoka Dar es Salaam na mikoba ya ngozi.

Bibi Nyange alikuwa mwanamke wa Mkuyuni wa karibu miaka sabini, mdogo wa mwili, mwenye sauti nzito isiyolingana na umbo lake. Ukoo wake, ambao wenyewe huuita lukolo, ulikuwa na bonde lenye chemchemi, na upande wa juu wa chemchemi kulikuwa na makaburi. Kaka yake alililima bonde hilo mpaka alipofariki. Kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Mtoto wa kaka anaweza kula katika shamba la baba, lakini shamba lenyewe hurudi kwa wenyewe, yaani kwa dada wa marehemu na watoto wa dada. Salumu, mtoto wa kaka huyo, hakungoja lirudi. Aliliuza bonde zima kwa mfanyabiashara wa mjini aliyetaka kulima mananasi na kuvuta maji kwa mashine.

Bibi Nyange alimshtaki mnunuzi katika mahakama ya mwanzo na akashinda asubuhi moja. Wazee wa baraza walikuwa Waluguru na hawakuona cha kuuliza. Mnunuzi akakata rufani kwetu wilayani, akiwa na wakili. Wakili akaomba ushahidi wa Bibi uchukuliwe upya, na hakimu akakubali. Hakimu wetu alikuwa kijana kutoka kanda ya ziwa, msomi, mwangalifu, asiyepokea kitu cha mtu. Tulimwita mzee, kama kila ofisi inavyomwita bosi wake mzee hata akiwa na chunusi.

Bibi alikula kiapo kwa msahafu. Wakili akaanza kwa upole, na mimi nikawa katikati, Kiingereza upande wake, Kiluguru upande wa Bibi.

"Bibi Nyange, bonde hili ulilipataje?"

"Nililikata mwenyewe. Nilishuka kutoka juu na shoka, mtoto mgongoni. Palikuwa msitu mtupu, nyani wananitukana."

"Hiyo ilikuwa lini?"

"Kabla Wajerumani hawajachimba barabara."

Wakili alimtazama hakimu, akamrudia Bibi. "Wewe una umri gani, Bibi?"

"Mimi nani?"

"Wewe unayesimama hapo."

"Huyu anayesimama hapa, mama yake alimwita Mwanaidi, na alizaliwa Wajerumani wakiwa wameshafukuzwa. Lakini hukumwita Mwanaidi. Umemwita Nyange, na Nyange amekujibu."

"Kwa hiyo mko wawili?"

"Tuko wengi," alisema Bibi.

"Mheshimiwa," wakili akasema huku akitabasamu, "mjibu rufani anaiambia mahakama kwamba wako wengi, na nadhani sehemu kubwa yao ni marehemu." Watu wa kwenye mabenchi wakacheka. Waluguru waliokuwamo hawakucheka kwa sababu hawakuona kichekesho kiko wapi.

Naeleza hapa kwa wasiojua. Nyange lilikuwa jina la mwanamke wa kwanza wa ukoo ule kulima pale. Alipokufa, jina likapewa mwanamke mwingine wa damu yake, na alipokufa huyo, mwingine, hadi likamfikia Mwanaidi. Anayerithi jina hurithi na mdomo. Mambo ya Nyange wa kwanza huyasema kama ya kwake, na ya Nyange wa pili vilevile, na hakuna anayedhani amechanganyikiwa. Hata wakati wa kugawana nyama ya msiba watu humpa heshima ya umri wa jina, si wa mwili.

Nami siku ile nilisimama pembeni yake nikasema kwa Kiingereza, neno kwa neno, kwamba nilishuka kutoka juu na shoka kabla ya Wajerumani, mtoto mgongoni. Hakimu akaandika bila hata kuinua macho. Mtu mzima mwenye suruali na tai anadai amebeba mtoto mgongoni zama za Wajerumani, na hakuna aliyefikiria kumpeleka kwa daktari. Aliyepelekwa ni Bibi, kwa ombi la wakili.

Daktari alikuja kutoa ushahidi kikao kilichofuata. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na macho mekundu ya kukosa usingizi, na wakati wa kumpima Bibi alimpa dawa ya kikohozi bila kuombwa. Alieleza kwa Kiingereza kwamba alimuuliza Bibi maswali ya kawaida kuhusu maisha yake, naye akasimulia mambo yaliyotokea kabla hajazaliwa kama aliyoyaona kwa macho. Mwili ulikuwa mzima. Kwa maoni yake, Bibi alikuwa "senile".

Sheria inataka kila kinachosemwa katika shauri kielezwe kwa mhusika katika lugha anayoielewa. Bibi alinigeukia.

"Amesemaje huyo mjukuu?"

Wenzangu mnaoanza, siku moja litawakuta neno la namna hii na hamtakuwa na muda. Nilikuwa na muda wa kumeza mate tu. Mzee kwetu ni heshima. Kikongwe ni habari ya mwili. Wazimu daktari hakusema. Nikamwambia Bibi, "Akili yako imechoka kwa uzee."

Bibi alimtazama daktari kwa makini, kama mtu anayechagua kuku sokoni. "Muulize ya kwake imechoka kwa nini."

Nikatafsiri. Mabenchi yakalipuka. Hakimu akaziba mdomo kwa mkono, na daktari mwenyewe akacheka mpaka akafuta macho. "Kwa zamu za usiku, Bibi," akasema kwa Kiswahili. Kwa muda ule mfupi nilidhani tumepona. Niliamini kwamba mtu anayejibu hivyo, mbele ya watu waliomsikia, hawezi kuitwa hana akili. Wakili alingoja kicheko kiishe, akasema kwa utaratibu kwamba anaomba jibu la daktari libaki katika kumbukumbu kama lilivyo. Likabaki. Utani wa Bibi haukuandikwa, kwa kuwa haukuwa jibu la swali.

Jioni nilifungua kamusi. Mama Neema alikuwa anapakua.

"Leo umeleta lipi?"

Nikamwambia, na nikamsomea. Neno limetoka kwa Warumi, kwenye neno lao la mtu mzee. Kutoka kwenye shina hilohilo walipata jina la baraza lao la wazee lililotawala dola, ambalo Wamarekani wamelichukua kuliitia baraza la juu la bunge lao, "Senate". Shina hilohilo, likipitia kwa Wafaransa, likawa "sir", yaani bwana. Na "senile" yenyewe ilipoingia Kiingereza haikuwa tusi wala ugonjwa. Ilimaanisha kinachohusu uzee au kinachoufaa uzee, basi. Ni katika karne ya kumi na tisa ndipo ilipoanza kumaanisha akili iliyodhoofika, na maana ile ya kwanza ikasukumwa pembeni mpaka ikasahaulika. Kwa hiyo wakili alipomwita daktari "sir", na daktari alipomwita Bibi "senile", walikuwa wanachota kisima kimoja.

Mama Neema alisikiliza mpaka mwisho. "Sasa ukienda kumwambia hakimu hayo, bibi anarudishiwa bonde?"

"Hapana."

"Basi kula, ugali unapoa."

Sikwenda kwa hakimu na habari za Warumi. Nilikwenda na habari ya jina. Nilibisha hodi ofisini kwake asubuhi, nikamweleza kama nilivyoeleza hapa juu. Alinisikiliza vizuri.

"Bwana Elias, mimi nakuamini," akasema. "Lakini umeniambia wapi? Umeniambia ofisini, mlango umefungwa, upande wa pili hawapo. Mkalimani hawezi kuwa shahidi. Mimi sijasikia kitu. Kama ni mila, wamlete mtu wa mila aseme kizimbani."

Alikuwa sahihi, na ningekuwa yeye ningesema hivyohivyo. Nilimwambia Mwajuma, mtoto wa dada yake Bibi, aliyekuwa anauza mitumba sokoni mjini na kumleta Bibi kila kikao, kwamba hakimu anataka shahidi wa mila. Zaidi ya hapo sikuruhusiwa kusema.

Mwajuma akamleta mkuu wa ukoo, Mzee Mloka. Mloka nalo lilikuwa jina la kurithi. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Athumani. Nilikuwa nimekaa ndani karibu na dirisha, nikawasikia barazani.

"Mjomba, tafadhali," Mwajuma alikuwa anasema, "ukiingia mle usijibu kama Mloka. Jibu kama Athumani. Waambie tu kwamba jina linarithiwa, kwamba sisi ndivyo tunavyoongea."

"Athumani?" Mzee alishangaa. "Athumani ni mtoto. Ana neno gani la kusema mbele ya hakimu?"

"Mjomba, wanatusikia kama vichaa."

"Basi watasikia vizuri leo."

Aliingia amevaa kanzu iliyopigwa pasi na koti juu yake. Hakimu mwenyewe alimuuliza swali la kwanza, na niliona amelipanga vizuri ili kumpa nafasi.

"Mzee, mila ya ukoo wenu inasemaje kuhusu jina Nyange?"

"Mila inasema bonde ni la Nyange."

"Nauliza kuhusu jina. Mtu akiitwa Nyange maana yake nini?"

Mzee Mloka alifikiri. Aliona ameulizwa kitu ambacho hata mtoto anakijua, na akadhani ni mtego. "Maana yake ni Nyange," alisema.

Hakimu alinitupia jicho kidogo. Kisha akaliondoa.

Wakili akasimama. "Mzee Mloka, nani alimpa Nyange bonde hilo?"

"Mimi."

"Wewe mwenyewe?"

"Nilimwonyesha mipaka kwa mguu wangu huu, kutoka kwenye chemchemi mpaka kwenye mwamba."

"Kabla ya Wajerumani?"

"Kabla. Hao walitukuta."

"Sina swali lingine, Mheshimiwa."

Yote hayo niliyasema mimi kwa Kiingereza, mpaka na mguu wangu huu. Mwajuma alijifunika uso kwa khanga. Mzee Mloka alishuka kizimbani ameridhika, akampa Bibi mkono, kwa kuwa alikuwa amesema kweli tupu na hakutetereka.

Hukumu ilikuwa fupi na imepangwa vizuri. Maneno ya Bibi hayakuweza kutegemewa kwa sababu ya hali ya akili yake, na ushahidi wa mkuu wa ukoo haukuwa na uzito. Salumu na baba yake walikuwa wamelima pale kwa muda mrefu bila kupingwa, na mnunuzi alinunua kwa nia njema. Hakimu alisoma sentensi, akanyamaza, nami nikageuza. "Nimeona kwamba maneno yako hayategemewi," nilimwambia Bibi kwa Kiluguru, kama nilivyofundishwa. Hakumtazama hakimu hata mara moja. Alikuwa ananitazama mimi.

"Na wale waliolala juu ya chemchemi?" akauliza. "Umewaonaje?"

Nilipeleka swali. Hakimu alifunua kurasa zake, ingawa alijua. Hukumu haikuwataja.

Niliendelea na kazi. Mnataka kujua kama nilibadilika, na jibu ni hapana. Nilisema "mimi" kama kawaida, na nilifika kwa wakati. Mwaka wa upunguzaji wafanyakazi ulipofika, niliambiwa nipumzike kabla ya umri, pamoja na mpiga chapa na mlinzi wa zamu ya mchana. Hakuna uhusiano na shauri lile. Nililitafuta pia neno la Kiingereza la kustaafu, nikakuta asili yake ni kurudi nyuma, kama jeshi lililoshindwa. Mama Neema akasema neno hilo angalau halidanganyi.

Bibi Nyange alifariki nikiwa nimeshakaa nyumbani. Mwajuma alinitumia habari, nikapanda gari la Matombo nikashuka Mkuyuni. Hawakumzika upande wa juu wa chemchemi. Kule kulikuwa na waya na mananasi, na mashine ya maji ilisikika mpaka msibani. Walimzika nyuma ya nyumba, mahali pa kufugia mbuzi, palipofagiliwa.

Nilirudi tena siku ya kumaliza tanga. Baada ya hitma na wali, wanawake wa ukoo wakakalishwa kwenye jamvi. Mzee Mloka akatoa shanga nyeusi za Nyange, zile avishwazo anayepokea jina, akazishika mikononi. Akamwita Mwajuma.

"Sogea, mwanangu. Ni zako."

Mwajuma hakusogea. "Mjomba, nikiitwa Nyange nitasema nilikata msitu gani? Ule wenye waya?"

"Utasema huohuo. Msitu haujahama."

"Halafu nikisema, waniite nani? Nyange mmoja wameshampima akili." Alikuwa anaongea taratibu, bila hasira. "Nina leseni ya biashara mjini, nina watoto shule. Siwezi kwenda kwenye ofisi za watu nikiwa mtu wa zamani za Wajerumani. Mnisamehe. Silitaki."

Mzee Mloka akamwita mdogo wake Mwajuma. Naye akainamisha kichwa. Akamwita binamu yao wa Dumila, aliyekuwa amekuja na mtoto mchanga, huyo akasema ananyonyesha, kana kwamba hilo lilikuwa jibu. Wengine hawakungoja kuitwa, wakaanza kukusanya sahani.

Mzee alikaa na shanga zile mpaka jamvi likawa tupu. Kisha akazifunga kwenye kitambaa, akaja nilipokuwa nimekaa, akaniuliza kwa sauti ya chini kama pale mjini kuna mtu anayenunua vitu vya zamani.

Nikamwambia wapo.